Shemeji anataka sinthetiki, fundi anataka nzito, gari yangu niiwekee oili gani?

Habari za kazi kaka fundi,

Mimi ni dada niko Arusha, Sakina, nafundisha shule ya msingi, naomba unisaidie kabla sijakosana na watu maana hili suala la oili limeshakuwa kubwa nyumbani kwangu kuliko nilivyotegemea. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, ile ya cc 1500 hivi, sikuiagiza, niliinunua kwa mtu hapa hapa mjini, na sasa hivi dashibodi inasoma kilometa 168,000 na kitu. Siku za kazi naenda nayo shuleni, sokoni Kilombero, kupeleka watoto, halafu kila wikiendi lazima nipande Kibosho kumwangalia mama maana amepooza upande mmoja na tunapokezana na wadogo zangu. Kwa hiyo hiyo barabara ya Moshi naijua kila tuta na kila anaposimama trafiki wa tochi.

Gari inatengenezwa na fundi mmoja maeneo ya Unga Limited. Huyu sio mtu baki, kwao ni Kibosho vilevile, mama yake na mama yangu wako jumuiya moja, na gari ikinizingua njiani iwe Kikatiti iwe Boma Ng'ombe anakuja na pikipiki yake hata kama ni usiku, na hela anaweza kusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Yeye siku zote ananiwekea 20W-50 (ndio namba za uzito wa oili), anainunua ya kupima duka la jirani na gereji, anasema gari iliyotembea inataka oili nzito, ukiweka nyepesi inapita kwenye ringi za pistoni inaungua yote. Sevisi na filta ananifanyia 60,000.

Sasa mwezi uliopita shemeji, mume wa dada yangu, alikuja kutoka Dar na Forester yake ya taabo (turbo), akafungua boneti ya IST, akachomoa stiki, akajipaka kidoleni, akasema hii ni lami mnaua gari. Yeye anaweka sinthetiki tupu ya 5W-30 na anatembea kilometa 10,000 ndio anamwaga, akanishauri mimi niweke kabisa 0W-20 sinthetiki eti nitaona hata mafuta yanapungua matumizi. Nikaenda dukani kuuliza, galoni ya lita 4 ya sinthetiki 130,000, ya kawaida ya kampuni hiyo hiyo 55,000. Muuzaji naye akaniambia dada hiyo IST yako ukiiwekea sinthetiki itavuja kila mahali, na ukishaanza sinthetiki hakuna kurudi nyuma. Nikatoka dukani sijanunua kitu.

Kuna mambo mawili zaidi ya gari yenyewe. Asubuhi nikiwasha, hasa hiki kipindi cha baridi, kuna mlio kama cheni inagongagonga sekunde mbili tatu halafu inatulia. Na oili inapungua, kati ya sevisi na sevisi fundi ananiongezea, kiasi gani sijui maana anaongeza yeye. Moshi sioni ila na mimi ninakuwa ndani ya gari. Taa ya oili haijawahi kuwaka.

Mume wangu anasema hela ya sinthetiki tukijibana ipo, ila anataka kujua kuna faida ya kweli au tunafuata mkumbo. Niweke ipi? Ni kweli itavuja? Na huyu fundi nimwambieje jamani, maana nikitokea na galoni yangu mkononi ataona simwamini, na hayo maneno yatafika Kibosho kabla mimi sijafika.

Dada wa Sakina

JIBU

Dada wa Sakina, pole sana na mama, Mungu amjalie nafuu. Safari za kila wiki kwenda kuuguza mzazi ndio zinanifanya nilichukulie hili swali lako kwa uzito wake, gari yako haitakiwi ikuache Kikatiti saa mbili usiku.

Jibu langu nakupa mapema ili mume wako naye asisubiri: kwa sasa usinunue sinthetiki. Nunua oili ya kawaida iliyofungwa, ya kampuni inayojulikana, namba 10W-30, ukiikosa chukua 10W-40, pamoja na filta nzuri, na umwage kila kilometa 5,000 bila kuchelewa. Na hiyo oili ya kupima iache kuanzia leo. Kwenye barua yako yote kitu kilichonishtua zaidi ni hicho, sio namba wala aina.

Tuanze na hela maana ndio swali la baba wa nyumba. Kawaida ni 55,000, weka filta ya 15,000, unapata 70,000 kila kilometa 5,000, ina maana kwa kilometa 10,000 umetumia 140,000. Sinthetiki 130,000 na filta 15,000 ni 145,000, na kama kweli utaenda nayo kilometa 10,000 gharama inakaribia kuwa sawa kabisa, hapo shemeji yako hajakosea hesabu. Shida ni kwamba hesabu yake inasimama pale tu gari ikiweza kufika hizo 10,000 salama, na ya kwako mimi siwezi kukuambia uifikishe huko. Inapunguza oili, inatembea kwenye vumbi, mizunguko mingi ni mifupi ya mjini ambapo injini haijapata hata joto lake vizuri unazima, na hujui waliokuwa nayo kabla yako walimwaga nini humo ndani. Gari ya namna hiyo inatakiwa imwagwe mapema hata ungeweka oili ya bei gani. Sasa ukimwaga sinthetiki kila 5,000 umelipa karibu 290,000 kwa kazi ambayo ya kawaida ingeifanya kwa 140,000, na sehemu ya hiyo oili ya bei imetokea kwenye ekzosi.

Sio kwamba sinthetiki ni jina tu. Inavumilia joto kali bila kuharibika haraka, inapungua kidogo kwa kugeuka mvuke, na injini ikiwa ya baridi inakimbia kufika juu mapema kuliko ya kawaida. Mobil 1 ilianza kuuzwa mwaka 1974 na tangu hapo hizi oili zimejithibitisha kwenye magari ya mbio, kwenye taabo, kwenye nchi ambazo asubuhi unakuta barafu kwenye kioo. Ila ujue pia kwamba nyingi ya unazoziona dukani zimetokana na mafuta ghafi yale yale, zimechakatwa tu kwa nguvu zaidi mpaka zikawa safi sana. Mwaka 1999 huko Marekani Mobil waliwalalamikia Castrol kwa hilo kwenye chombo kinachosimamia matangazo ya biashara, Castrol wakashinda, na ndio maana leo makopo mengi yanaruhusiwa kuandikwa sinthetiki wakati Ujerumani masharti ni makali zaidi. Sikuambii hivyo ili uzidharau maana hata hizo zilizochakatwa ni oili nzuri kweli, nakuambia ili usione aibu kuweka ya kawaida kana kwamba unailisha gari makapi. IST yako imetoka kiwandani na injini ya 1NZ-FE isiyo na taabo, haina makuu, oili ya kawaida ya daraja sahihi inaitosha.

Hapo kwenye daraja naomba ukae na mimi kidogo maana watu wengi wanaangalia sinthetiki au kawaida halafu wanapita kitu cha maana kilichoandikwa nyuma ya kopo. Tafuta neno API, alama ya taasisi ya mafuta ya Marekani, na herufi mbili zinazofuata. Kwa gari za petroli zinaanza na S, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi: SL ni ya mwaka 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. Gari yako ya 2004 inataka SL kwenda mbele, ukipata SN au SP ni bora zaidi na haina madhara yoyote kwa injini ya zamani. Sasa nenda kaangalie zile 20W-50 za bei chee, utakuta kopo limeandikwa SF, ambalo ni daraja la magari ya miaka ya 1980, gari zisizo na VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu) wala nini. Hiyo hata ikiwa orijino sio ya IST. Na ya kupima ndio kabisa, pipa halina herufi, au linazo lakini kilichomo ndani hakuna anayeweza kukuthibitishia, unaweza kuwa unawekewa oili ya jenereta au oili iliyochujwa ikarudishwa sokoni, na wewe na fundi wako wote hamjui.

Kuhusu namba, fundi wako ana hoja na sitaki umwone mjinga. Vitabu vya Toyota kwa nchi za joto vinaruhusu oili nzito, na ni kweli oili nzito inapita kidogo kwenye ringi zilizochoka. Kinachonifanya nikutoe kwenye 20W-50 ni huo mlio wa asubuhi. Injini yako inatumia cheni ya taimingi, na kile kinachoikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili, hiyo VVT-i nayo inaendeshwa na oili inayopita kwenye vitundu vyembamba na kichujio kidogo sana. Sakina mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi 20W-50 imelala kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kama mtori uliopoa, ukiwasha inachukua muda kupanda, na kwa muda huo cheni inacheza. 10W-30 inawahi kufika. Ile namba ya kabla ya W inapimwa kwenye baridi ambayo sisi hatutaiona, 0W ni nyuzi 35 chini ya sifuri na hata 20W inapimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa hiyo sikudanganyi kwamba Arusha unahitaji 0W, ila tofauti ya kupanda haraka ipo hata kwenye baridi yetu hii.

Na kabla hujailaumu oili peke yake kwa huo mlio, angalia filta. Filta nzuri ina mpira ndani unaozuia oili isirudi yote chini injini ikizimwa usiku. Zile filta za 5,000 mpira wake unakuwa mgumu mapema au haufungi vizuri, asubuhi injini inaamka haina kitu juu. Nimeona gari zikiacha huo mlio kwa kubadilishiwa filta tu, oili ile ile. Ukibadilisha vyote viwili na mlio ukaendelea baada ya wiki mbili, hapo fundi afungue aangalie kikaza cheni, usiache mpaka ikaanza kugonga mchana.

0W-20 ya shemeji achana nayo. Ni nyepesi, ni kwa injini zilizoundwa kwa ajili yake, na kwa injini inayopunguza oili itapungua zaidi. Kwenye mafuta utaokoa asilimia chache tu, na hiyo utaimaliza kwenye kuongeza oili.

Sasa kuvuja. Muuzaji amekuambia kitu cha zamani ambacho kina chembe ya ukweli. Sinthetiki za mwanzo zilikuwa hazielewani vizuri na mpira wa sili, zikawa zinavujisha, hilo lilirekebishwa miaka mingi iliyopita. Kinachotokea siku hizi ni kwamba sili ilishakufa zamani lakini uchafu umekaa pale umeziba, unaweka oili inayosafisha vizuri, uchafu unaondoka na tobo linaonekana. Oili haikutoboa sili. Na hiyo habari ya kwamba ukianza sinthetiki huwezi kurudi kwenye ya kawaida sio kweli hata kidogo, unaweza kurudi siku yoyote, na ukikwama njiani Usa River ukakuta ya kawaida tu wakati ndani una sinthetiki unaongeza unaendelea na safari, zinachanganyika. Unachopoteza ni ule ubora uliolipia, injini haidhuriki.

Na ile lami ya kidoleni? Oili kuwa nyeusi peke yake sio ugonjwa, oili nzuri inaosha uchafu na kuubeba ndio maana inabadilika rangi. Fanya hivi wewe mwenyewe: injini ikiwa imepoa fungua kile kifuniko cha juu unapomiminia oili, washa tochi ya simu, angalia upande wa chini wa kifuniko na ndani kwenye tobo. Ukiona vyuma vina rangi ya kahawia kahawia viko safi, lala usingizi. Ukiona tope jeusi zito limeganda kwenye kona kama jamu, hapo shemeji alikuwa sahihi, na dawa yake sio zile za kusafishia injini za kumimina dakika kumi, hizo zinaweza kubandua mabonge yakaenda kuziba njia ya oili. Dawa ni kumwaga mapema, sevisi mbili za kwanza fanya kwenye kilometa 2,500 na filta mpya kila mara, itatoka taratibu. Ukikuta rangi ya maziwa nyuma ya kifuniko na maji ya rejeta yanapungua, usiende Kibosho na hiyo gari, mpigie fundi aje aangalie gasketi ya silinda hedi.

Halafu kuna hili la kupungua, ambalo ndilo litakaloamua kama siku moja utahamia sinthetiki au la, na kwa sasa huna jibu kwa sababu hujawahi kupima mwenyewe. Ukishamwagiwa oili mpya, paki sehemu tambarare, asubuhi kabla hujawasha chomoa stiki, ifute na kitambaa, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena usome. Andika kilometa kwenye simu. Jumapili ukirudi Kibosho usipime usiku injini ikiwa moto, pima Jumatatu asubuhi. Siku ikishuka karibu na alama ya chini ongeza kwa kutumia chupa ya maji ya nusu lita iliyokauka kabisa ili ujue umeweka kiasi gani. Baada ya kilometa 2,000 utakuwa na jawabu lako mwenyewe sio la fundi wala la shemeji. Ikiwa nusu lita kwa hizo 2,000, kwa gari ya umri huo mimi nisingehangaika, endelea kuongeza. Ikifika nusu lita kila kilometa 1,000, hamia 10W-40 na tafuta inakotokea.

Pa kuanzia kutafuta ni valvu ya PCV, inayopumulisha injini, kitu kidogo cha bei ndogo kinakaa kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), ikiziba presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili itoke inapoweza. Fundi akifungua plagi aangalie pia kama kuna oili imejaa kwenye mashimo yake, hiyo ni gasketi ya tapeti kava, sio injini mbovu. Na moshi unaweza kuuona bila mtaalamu, una bahati ya mlima. Siku unashuka Kibosho, mdogo wako akae kiti cha nyuma aangalie kioo cha nyuma, shuka ule mteremko mrefu ukiwa kwenye gia ya chini mguu umetoka kabisa kwenye mafuta, mkifika chini kanyaga mafuta. Likitoka wingu la bluu mara moja halafu likaisha, hizo ni sili za valvu, kazi ya wastani na gari inaendelea kukutumikia. Ikitoa bluu muda wote unapokanyaga mkipanda mlima, hizo ni ringi, na hapo hakuna oili duniani itakayoziponya, mtaanza kuweka akiba ya injini taratibu huku mkiongeza oili.

Ukishapima na ukakuta gari kumbe haipunguzi chochote cha maana, ndani ni safi, na mna hela, basi sevisi ya tatu au ya nne wekeni semi sinthetiki (mchanganyiko wa sinthetiki na ya kawaida) au hata sinthetiki ya 5W-30 na mwende kilometa 7,000 au 8,000. Sitakupinga hapo. Itakuwa faida ya kweli.

Nunua wapi? Kituo kikubwa cha mafuta au wakala wa kampuni yenyewe, na udai risiti. Oili feki zipo na zinaingia kwenye makopo orijino, kwa hiyo angalia kizibo kama pete yake haijakatwa, lebo iwe imenyooka, namba ya toleo iwe imepigwa kwenye kopo. Ukimaliza kumimina, kopo tupu litoboe kwa bisibisi kabla hujalitupa au kumpa mtu, maana hayo makopo yanaokotwa yanauzwa yanajazwa upya, na anayeuziwa ni mama mwingine kama wewe.

Siku ya sevisi uwepo. Injini yako ikibadilishwa na filta inachukua lita 3.7, na galoni ni lita 4. Mafundi wengi wanamimina galoni lote kwa sababu mteja amelinunua, na kujaza kupita kiasi ni kubaya, oili inapigwa na mitambo inatoa povu na inatafuta pa kutokea. Mwambie asimame kwenye 3.5, awashe, azime, asubiri dakika tano, apime na stiki, amalizie. Kile kinachobaki chukua ukaweke kwenye buti, ndio oili yako ya kuongezea barabarani.

Sasa huyo kaka wa Unga Limited. Dada, huyu mtu usimpoteze, fundi anayetoka usiku na pikipiki kukufuata Boma Ng'ombe humpati kwa kutangaza. Na uelewe kitu kimoja, kwa mafundi wengi faida ya sevisi iko kwenye oili na filta, ufundi wenyewe wa kumwaga oili watu hawapendi kuulipia, kwa hiyo ukija na galoni lako mkononi kimya kimya umemchukulia riziki yake na ndipo maneno yanapoanza. Nenda siku ambayo huna sevisi, mkae pembeni bila wateja wengine, umwambie hivi: "Kaka, gari hii ndio miguu ya mama, nataka ifike mbali. Nimeamua oili na filta niwe nanunua mwenyewe dukani zenye risiti, na wewe nitakulipa ufundi wako kila sevisi, niambie shilingi ngapi." Akitaja mpe bila kupunguza. Kama alikuwa anapata elfu kumi au kumi na tano kwenye oili, wewe umpe hiyo hiyo kama ufundi, hujapoteza kitu. Mara ya kwanza mwombe mwende wote dukani akuchagulie filta, kazi yake anaijua na atajisikia ameheshimiwa.

Usimtaje shemeji hata kidogo, wala usimsingizie mume wako kwamba ndiye aliyekataa, maana hao wawili watakutana msibani au kwenye harusi na itakuwa kesi. Kuhusu 20W-50 usibishane naye, mwambie tu unataka kujaribu 10W-30 kwa sababu ya ule mlio wa asubuhi na umwombe yeye mwenyewe aje ausikilize kabla na baada. Fundi mzuri akipewa kitu cha kusikiliza kwa masikio yake anakuwa upande wako.

Na shemeji mwambie asante, kwa gari yake yuko sahihi. Taabo inazunguka kwa kasi kubwa sana kwenye joto kali na oili ya kawaida inaungulia humo ndani, kwa hiyo yeye abaki kwenye sinthetiki yake, ila hizo kilometa 10,000 kwenye Forester ya taabo azipunguze ziwe 5,000.